Msitu wangu unaziita nyota pacha "RRc". Nakosea wapi?

Mwl_Hesabu_Njombe

Habari za usiku wakuu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari, huku Njombe. Tangu mwaka jana tuna klabu ya anga, wanafunzi kumi na wanane wa kidato cha pili na cha tatu. Darubini hatuna. Tuna binokula moja ya 10x50 na baridi ya kutosha. Miezi hii ya saba na nane anga likitakata, Nge na Kausi wanapanda juu kabisa na watoto hawataki kurudi bwenini.

Nikaona tutumie darubini za wenzetu. Kuna mradi unaitwa ASAS-SN, wa Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani. Wametawanya vidarubini vya lenzi za sentimeta 14 tu huko Hawaii, Texas, Chile na Sutherland ya Afrika Kusini, vinapiga picha anga kila usiku, na vipimo vyake mtu yeyote anapakua bure. Nanunua bando la usiku, napakua mpaka saa nane, asubuhi naingia darasani macho mekundu lakini moyo umejaa.

Tunachotafuta ni nyota geugeu, zile ambazo mwangaza wake unapanda na kushuka kwa kipindi maalumu. Nataka kompyuta ijifunze kuzitenga: hii ni nyota moja inayopumua, yaani inavimba na kunywea, hii ni pacha wawili wanaopatwana kama jua linavyopatwa na mwezi.

Nilivyofanya ni hivi. Nilichukua nyota 1,200 kwenye katalogi yao, makundi sita: sefeidi, RRab, RRc na Delta Scuti (hizi nne zinapumua), EA na EW (hizi mbili ni pacha). Kila nyota ina faili mbili, moja ya kichujio V (vipimo vya zamani) na moja ya kichujio g (vipimo vya karibuni), kwa hiyo nikapata mifano 2,400. Kwa kila mfano nikaandika namba kumi na moja: kipindi, kina cha mabadiliko, rangi, mchoro umelalia upande gani, uwiano wa mawimbi ya Fourier na kadhalika. Nikazimwaga kwenye msitu wa miti 500 ya maamuzi (kila mti unauliza maswali yake kuhusu namba hizo, kisha miti yote inapiga kura), kwa lugha ya Python na maktaba yake ya scikit-learn. Nikachanganya mifano yote, nikaficha robo, nikaitumia kuupima. Msitu ukapatia asilimia 96. Niliruka peke yangu chumbani.

Halafu nikachukua nyota 200 mpya, kwenye kipande cha anga chini ya Kausi. Aina zake zinajulikana tayari, ila msitu haujawahi kuziona. Humo EW ni 83. Msitu umeita 41 RRc, umeita 17 Delta Scuti, na 25 tu ndizo umepatia.

Kwa asiyejua, EW ni nyota mbili zilizosogeleana mpaka zimegusana, zinazungukana kwa saa chache. RRc ni nyota moja, mzee sana, inayopumua. Hakuna undugu wowote kati yao. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kosa si la karibu.

Kuna kingine. Nyota kumi na moja zimepata kipindi cha siku 0.9973, na tatu siku 29.5. Msitu unaziita mara RRab mara sefeidi, kwa kujiamini kabisa.

Nimeongeza miti kutoka 500 hadi 2,000. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, imeunguruma usiku kucha, majibu ni yaleyale. (Jambo dogo: kwa zile 1,200 kipindi nilikichukua kwenye safu ya katalogi ili kuokoa muda. Kwa hizi 200 nimekikokotoa mwenyewe kwa njia ya Lomb-Scargle. Sidhani kama ndipo penye shida, maana programu niliijaribu kwa nyota kadhaa zinazopumua na vipindi vikalingana mpaka desimali ya nne.)

Nimewaahidi watoto tutabandika matokeo ubaoni kabla ya mitihani ya mwezi wa tisa. Naombeni msaada.

Karani_wa_Takwimu

Mwalimu, pole na kazi. Nyota sizijui, lakini msitu naufahamu. Ndio unaonilisha hapa Nairobi, natafuta mikopo ya simu yenye harufu ya ulaghai.

Kwanza, hiyo asilimia 96 usiitegemee. Umesema kila nyota ina faili mbili, ukachanganya mifano yote 2,400, ukaficha robo. Maana yake kuna nyota nyingi ambazo V yake imebaki kwenye kufundishia na g yake imeingia kwenye mtihani. Msitu haukulazimika kujua aina. Umeitambua nyota yenyewe kwa sura. Wewe ni mwalimu, unajua alama za mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake. Gawa kwa jina la nyota, usigawe kwa faili. Ndani ya scikit-learn kuna kigawanyaji kinaitwa GroupKFold, unakipa safu ya majina ya nyota, na chenyewe kinahakikisha faili za nyota moja haziachani. Asilimia itashuka. Usihuzunike, hiyo ndiyo ya kweli.

Pili, nani aliziandika lebo za hizo nyota 1,200? Binadamu au mashine? Kazini niliwahi kufundisha modeli mpya kwa lebo zilizotolewa na modeli ya zamani. Tulishangilia miezi mitatu, kumbe tulikuwa tunaiga makosa ya mtangulizi. Nilijisikia vibaya sana, na tangu siku hiyo swali hili nalitanguliza.

Miti 2,000 haitaponya kitu. Zile 500 zikikubaliana kwenye kosa, 2,000 zitakubaliana palepale, labda kwa sauti zaidi. Lakini kwa nini EW zikimbilie RRc na si sefeidi? Makosa yakielekea upande mmoja hivyo, huwa kuna namba moja kati ya zako kumi na moja inayosema uongo. Ni ipi, namwachia ajuaye nyota.

Baharia_Mstaafu

Mwalimu, nimesoma swali lako mara tatu. Jibu umeliandika mwenyewe, ukalifungia kwenye mabano.

Nilikuwa afisa wa meli za mizigo miaka ishirini na saba, sasa nimetulia Tanga. Nyota nilizijua kwanza kwa kazi, kwa sekstanti, kifaa cha baharia cha kupimia kimo cha nyota. Zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi ni ndefu, na mtu akichoka kutazama bahari hutazama juu. Huko ndiko nilikomjua Algol, ambaye Waarabu walimwita kichwa cha zimwi. Usiku huu yuko sawa na jirani zake, usiku mwingine amefifia, kutoka magnitudi 2.1 hadi 3.4 (magnitudi ni kipimo cha mwangaza, namba ikikua nyota ni hafifu zaidi), na kabla zamu haijaisha unaona anaanza kurudi. Siku 2, saa 20 na dakika 49, halafu tena. Nilipostaafu mpwa wangu akanifundisha Python kwenye meza ya jikoni kwa mama yake, nikaanza kufanya kwa namba yale niliyoyafanya kwa macho. Shahada sina, nina mapenzi tu na hizi nyota.

Sasa kwenye kipindi. Lomb-Scargle inatafuta wimbi laini, kilele kimoja na bonde moja, kisha inaanza upya. Nyota inayopumua inafanya hivyohivyo, ndiyo maana jaribio lako lilifaulu: ulijaribu kwa nyota zinazopumua. Pacha hawafanyi hivyo.

Chukua nyota iliyo juu yenu usiku huu, Epsilon Coronae Australis, kwenye Taji la Kusini, chini ya Kausi. Kwa anga la Njombe mnaiona hata bila binokula. Ni EW, ndiyo inayong'aa kuliko zote za aina yake angani, kati ya magnitudi 4.74 na 5.0. Mzunguko wake ni siku 0.5914, yaani saa 14 na dakika 12. Katika mzunguko huo mmoja, nyota ya kwanza inapita mbele ya ya pili, kisha ya pili inapita mbele ya ya kwanza. Mabonde mawili. Na kwa kuwa zimevutana mpaka zimekuwa na umbo la yai, zikigeuka ubavu tunaona mwanga mwingi, mara mbili pia. Mabonde yanakaribia kulingana, vilele vinakaribia kulingana. Mashine inayotafuta bonde moja itakuambia siku ngapi? 0.2957.

Na RRc zinakaa wapi? Kati ya siku 0.2 na 0.45 hivi. Umeipeleka EW kwenye nyumba ya RRc kabla msitu haujaanza kazi. Zile fupi zaidi, kama W Ursae Majoris yenyewe, nyota ya mfano ya EW zote, iliyogunduliwa Potsdam mwaka 1903, mzunguko wake ni siku 0.3336, nusu yake ni 0.1668, na hapo ni kwa Delta Scuti. Hizo ndizo 17 zako.

Kwenye katalogi vipindi vya EW vilikuwa vimeshazidishwa kwa mbili. Kwa hiyo msitu umefundishwa kwamba pacha anaonekana kwenye 0.59, halafu kwenye mtihani ukamleta akiwa amevaa 0.2957. Msitu umejibu kwa uaminifu kile ulichouliza. Kila mtu anayeanza kazi hii anatazama miti, na mimi nilitazama miti miezi minne. Shida iko kwenye kipindi karibu siku zote. Mashine haiioni nyota, inaona kipindi ulichoipa.

Kwa hiyo kokotoa vipindi vyote mwenyewe, vya zile 1,200 na vya hizi 200, kwa programu ileile. Kisha kila nyota ikunje, yaani panga vipimo vya mizunguko yote juu ya mzunguko mmoja, mara mbili: kwa kipindi ulichokipata na kwa maradufu yake. Watoto ukitaka waelewe kukunja ni nini, chukua uzi, ufunge mafundo kwa umbali sawa, uuzungushe kwenye kopo. Kopo likiwa na mzingo sahihi mafundo yote yanajipanga mstari mmoja. Mzingo ukikosea nusu sentimeta, yanatawanyika kopo zima. Ukitumia kopo la mzingo maradufu, unapata mistari miwili. Hapo ndipo utazame: ile mistari miwili inafanana? Nyota inayopumua mabonde yake mawili yatakuwa sawa, maana umemkunja mara mbili bure. Pacha, mara nyingi bonde moja limezidi kidogo, hata magnitudi 0.03, kwa sababu nyota moja ina joto kuliko mwenzake. Tofauti hiyo ipe msitu kama namba ya kumi na mbili.

Namba ya kumi na tatu ni umbali. Gaia, chombo cha Ulaya, kimepima paralaksi za nyota zaidi ya bilioni moja. Nyoosha kidole gumba, funga jicho la kulia, kisha la kushoto, kidole kinahama; Gaia ilifanya hivyo kwa upana wa njia ya dunia kulizunguka jua. Tuseme una nyota ya magnitudi 13. Ikiwa ni RRc, hizo zinatoa mwanga kama wa majua 50, kwa hiyo ili ionekane ndogo hivyo lazima iwe mbali, karibu miaka ya mwanga 10,000. Ikiwa ni EW ya kawaida yenye mwanga wa majua mawili, iko miaka ya mwanga 2,000 tu. Paralaksi ya pili ni mara tano ya ile ya kwanza, na kwa magnitudi 13 Gaia haikosei kiasi hicho. Ni tofauti ambayo hakuna mchoro unaoweza kuificha. Rangi itumie kwa tahadhari, maana upande wa Kausi unatazama katikati ya galaksi yetu, vumbi ni jingi na kila kitu kinaonekana chekundu kuliko kilivyo.

Hiyo 0.9973 si kipindi cha nyota. Siku 0.9973 ni saa 23 na dakika 56, muda ambao dunia inajizungusha mara moja ukipima kwa nyota. Ni mdundo wa dunia yenyewe kwenye vipimo. Na 29.5 ni mwezi: ukiwa mpevu anga linang'aa na vipimo vya nyota hafifu vinayumba. Lakini usizitupe bila kuzitazama. Nyota ikipimwa usiku tu, mzunguko wa kweli unaweza kujificha kwa kuongeza au kupunguza moja kwa siku. Epsilon yetu, 0.2957, ni mizunguko 3.38 kwa siku. Toa moja, 2.38, na programu inaweza kukuletea siku 0.42 na ukaamini. Vituo vya ASAS-SN vimetawanyika duniani kwa hiyo shida hii imepungua, haijaisha. Tazama kilele cha pili na cha tatu kwenye periodogramu, ule mchoro wa vipindi vyote ambavyo programu ilivijaribu, si cha kwanza pekee.

Karani amesema kweli kuhusu lebo. Sehemu kubwa ya lebo za katalogi hiyo zilitolewa na msitu pia. Kila moja imeandikiwa uwezekano wake, kwa hiyo chukua zenye uwezekano mkubwa tu. Na kuhusu 96: mwaka 2011 Joseph Richards na wenzake wa Berkeley walichukua nyota za setilaiti ya Hipparcos na za mradi wa OGLE, makundi 25, wakatumia msitu kama wako. Walikosea asilimia 22.8, na kazi yao inaheshimiwa mpaka leo. Makundi yako ni sita, kwa hiyo utafanya vizuri zaidi, lakini ujue mlima una urefu gani.

La mwisho. Henrietta Leavitt hakuwa na mashine. Alikaa Harvard na vioo vya picha zilizopigwa Peru, jicho kwenye lenzi, na mwaka 1908 akachapisha nyota geugeu 1,777 za Mawingu ya Magellan. Mwaka 1912 akachukua 25 za Wingu Dogo na kuonyesha kwamba kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu ndivyo nyota inavyotoa mwanga mwingi. Kwa fimbo hiyo mwanaanga Edwin Hubble akapima umbali wa Andromeda baada ya kupata sefeidi yake Oktoba 1923, na dunia ikajua kuna galaksi nyingine. Mawingu yale mtayaona Njombe mwezi wa kumi na mbili, upande wa kusini. Yote yale yalitoka kwenye jicho la mtu mmoja mvumilivu. Basi kabla hujaufundisha msitu tena, chapisha hiyo michoro 83 kwenye karatasi, uchanganye na ya RRc, uwape watoto waitazame.

Mwana_Ngomeni

Mzee Baharia, nimejifunza mengi. Niongeze moja kwa watoto wa klabu, kwa kuwa linatuhusu.

Mimi ni wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kila nikipita ufukweni naona vyuma vya majukwaa ya San Marco vimesimama baharini. Hapo ndipo Marekani na Italia waliporusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3, chanzo cha eksirei angani, inadunda kila sekunde 4.8, na kwamba kila siku 2.09 mdundo unazimika kabisa na kurudi. Kuzimika kule kulikuwa kupatwa: nyota ya nyutroni inapita nyuma ya mwenzake mkubwa. Yaani nyota pacha, kama hizi za mwalimu, ila kwa mwanga usioonekana kwa macho. Waambie watoto kipindi kile kilipatikana na kitu kilichopaa kutoka bahari yetu.

Mwl_Hesabu_Njombe

Shikamoo mzee Baharia. Karani na Mwana Ngomeni, asanteni sana. Wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Nilianza na la Karani. Kugawa kwa nyota, 96 imekuwa 89. Iliniuma siku moja.

Kisha vipindi. Nilikokotoa vyote 1,400 upya, usiku nne, kompyuta nikiiweka dirishani ipoe. Nikaongeza tofauti ya mabonde na paralaksi ya Gaia. Kwenye zile EW 83, sasa 77 zimepatiwa. Tano bado zinaitwa RRc na moja Delta Scuti. Nilipoondoa paralaksi kujaribu, makosa yakapanda tena hadi 19, kwa hiyo mzee ulisema kweli, umbali nao unabeba mzigo. Zile za 0.9973 nimezitazama moja moja: saba hazina kitu, nne zilikuwa na kipindi cha kweli kwenye kilele cha pili.

Lakini nililotaka kusimulia ni la karatasi. Nilichapisha michoro 143, EW 83 na RRc 60, yote imekunjwa maradufu, bila majina. Steshenari ya mjini waliniuliza kama ni mtihani. Jumamosi tukaitandaza kwenye meza za bwalo. Watoto wakaanza kubishana, hii bonde linafanana, hii halifanani, kila mtu na jicho lake. Kuna binti wa kidato cha pili, huwa haongei kabisa. Alikaa pembeni, akachukua rula yake ya plastiki, akailaza chini ya mabonde mawili ya mchoro. Akainua, akaweka kwenye karatasi nyingine. Baada ya kama kumi akaja mezani kwangu, akasema, "Mwalimu, hii rula haigusi yote mawili." Upande mmoja ilikuwa inagusa nukta, upande mwingine kuna nafasi, labda unene wa ukucha.

Wenzake wakaacha kubishana. Wote wakatoa rula. Kwa njia hiyo walitenga EW 58 kati ya 83, na RRc walizozichanganya nazo ni mbili tu. Rula ile ni namba ya kumi na mbili ya mzee, na yeye hakuwa amesoma neno lolote hapa. Sijawaonyesha msitu bado. Nimewaambia kwanza tumalize kwa macho.

Swali lililobaki: zile tano. Mabonde yake yanalingana kabisa, rula inagusa yote. Ni hafifu, magnitudi 16 kwenda juu, na paralaksi yake kosa linakaribia kipimo chenyewe. Nifanyeje?

Baharia_Mstaafu

Marahaba mwalimu. Huyo binti nimemsoma mara mbili na nimemwita mke wangu naye asome.

Kwa zile tano imebaki dawa moja. Nyota inayopumua hubadilika joto: ikiwa kileleni ina joto na ubuluu zaidi, ikiwa bondeni imepoa. Kwa hiyo ukiipima kwa kichujio cha buluu inapanda na kushuka sana kuliko kwa chekundu. Pacha wanaogusana wanakaribia joto moja, rangi yao haibadiliki sana kwenye mzunguko. V na g za ASAS-SN zimekaribiana mno kwa kazi hiyo. Mradi wa ZTF wa kituo cha Palomar, California, una g ya buluu na r ya nyekundu, ila ninyi mko chini ya Kausi, kusini mno kwa California. Nenda kwenye toleo la tatu la Gaia, la Juni 2022. Kwa nyota geugeu walitoa vipimo vya tarehe moja moja kwa buluu na kwa nyekundu. Vikunje kwa kipindi chako, ulinganishe kina. Vipimo havitakuwa vingi, na kwa magnitudi 16 vitakuwa na kelele, lakini nyota inayopumua kweli tofauti itaonekana.

Isipoonekana, ziandike "haijulikani" na uwezekano msitu uliotoa, uziache hapo. Ubaoni pia ziandikeni hivyo.

Jumamosi mwezi unachelewa kutoka. Mimi nitaanza Epsilon saa moja na nusu usiku, hapa nyuma ya nyumba ambapo taa za bandari hazifiki. Bonde hadi bonde ni saa 7 na dakika 6, kwa hiyo usiku mmoja unaweza kutosha kuona yote mawili mkivumilia. Kadirieni kila nusu saa, mkilinganisha na Delta ya magnitudi 4.6 na Zeta ya 4.7 palepale kwenye Taji, kila mtoto aandike lake bila kutazama la mwenzake. Asubuhi nitumie namba zenu, nami nitatuma zangu. Huyo binti wa rula mpe daftari la kuandikia saa.